Ng'ombe Waliokuwa kwa Kashinje

Usevya, 9 Agosti 1996

Dada Bernadetha,

Shikamoo. Mpunga tumeshavuna na bati halivuji tena. Kazi ya stesheni Mpanda nimeiacha kwa hiari, nina miaka arobaini na sita tu, na watu hapa wananisifu eti nina akili.

Akili yenyewe ni hii. Miaka yote ile nilikula ugali na mlenda, na kila mwaka nikanunua ng'ombe mmoja wa kunitunza nikiacha kazi. Nilimwachia rafiki yangu Kashinje awachunge huku Usevya, ili nyie nyumbani msijue, msije mkaniomba.

Mama alipougua ukaomba msaada, nikakuandikia kwamba sina kitu. Walikuwa sita wakati ule, dada. Wewe ukauza maksai wako wa kulimia, na bado Mama tukamzika.

Nawaleta maksai wawili, nawaswaga mwenyewe kwa miguu. Ukinifungia mlango sitabisha.

Maana nilipokuandikia kwamba sina kitu, hukunilaumu hata kidogo. Ulinitumia mfuko wa michembe, viazi vitamu ulivyovikausha mwenyewe, ukidhani mdogo wako analala njaa.

Niliipika, nikaila yote.

Mdogo wako,
Malale