Kilo Tano

Mbinga, Alhamisi

Mwanangu alifia tumboni Jumapili alfajiri, zikiwa zimebaki wiki mbili nijifungue. Kilo tano kamili. Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua kahawa, nami nikaanza kuinunua kwa wakulima, nimeishi kwa mizani, na ile ya wodini niliisoma mwenyewe, sikusomewa na mtu.

Mama mkwe alimtazama akasema, "Jitu lote hili! Umekula wewe mpaka umemziba pumzi mjukuu wangu." Wanawake wa jumuiya yetu ya kanisani wakainamisha vichwa.

Nilikula ugali na mboga kama yeye.

Leo nesi Adelina amekuja kunipa pole, akafunga mlango. Miezi mitatu iliyopita daktari wa utafiti alininywesha maji ya glukosi, akanitoa damu, akanipa mche wa sabuni. Nilipouliza majibu alicheka: "Mama, hiyo damu ni ya utafiti, siyo ya matibabu." Kumbe, Adelina ameninong'oneza, majibu yalirudi zamani. Sukari yangu ilikuwa juu, nayo ndiyo humnenepesha mtoto hivyo, na huweza kumuua.

Kesho daktari huyo anakuja kunitoa damu tena. Amemwagiza Adelina aniambie kwamba akina mama waliofiwa na watoto ndio adimu katika utafiti wake, ndio anaowahitaji zaidi.

Adimu!

Aje. Mkono sitamnyooshea kabla hajanijibu. Daktari, nakupa mpaka saa nne asubuhi, na Kizungu chako sikitaki: ulijua sukari yangu iko juu wakati mwanangu bado anacheza tumboni, ndiyo au hapana?