Fundo la Mkono wa Kushoto

Jumamosi asubuhi, Ipililo. Mawingu yamejazana upande wa Maswa mjini na upepo unanukia mvua.

Naandika kwenye simu nikiwa nimekaa ndani ya gari, uani kwa baba. Injini inaunguruma. Sijaizima tangu nilipofika na sina mpango wa kuizima. Ndani, Doto anakusanya vitu vyake. Doto ni pacha wangu, mimba yake inakaribia mwisho, na daktari ameagiza asithubutu kujifungulia kijijini. Anatakiwa akae kwangu Bariadi, karibu na hospitali, kabla mvua haijajaza lile korongo.

Lile korongo. Kwetu hakuna anayelitaja kwa jina tena.

Mwaka jana baba alikuwa anamkimbiza Doto hospitali kwa gari hilihili. Walipopunguza mwendo kushuka korongoni, gari likazima, likagoma kuwaka. Baba alisukuma mchangani hadi akachoka, mpaka ikapita trekta iliyobeba pamba ikawavuta. Mtoto alizaliwa ameshakufa. Nesi alisema wamechelewa. Tangu siku hiyo baba hajagusa usukani. Aliniletea funguo mwenyewe, akasema, "Chukua wewe, mayu. Mimi halinitaki." Mayu ni mama kwa Kisukuma, ndivyo anavyotuita mabinti zake.

Nikalichukua, na kweli lina vituko. Ni gari la zamani, la injeksheni za mafuta za mwanzomwanzo. Likiwa baridi linatulia vizuri tu. Likishapata moto, ukisimama, sailensa inaanza kupanda na kushuka. Sailensa ndivyo mafundi wetu wanavyouita mngurumo wa gari likiwa limesimama, mguu haujagusa mafuta. Jina zuri, ila langu halikuwa na ukimya wowote. Linapiga kelele, linanywea, linapiga kelele, linanywea, mshale wa mizunguko ya injini unacheza ngoma, halafu linazima katikati ya barabara. Bodaboda wa Bariadi wamenitukana mpaka nimewazoea.

Wiki hii nilimpelekea fundi Masanja nikamwambia nataka lipone, si nipakwe mafuta kwa mgongo wa chupa. Akabadilisha plagi. Akasafisha njia ya hewa. Akalipima kwa mashine, mashine ikasema sensa, kile kijidude cha umeme, ndiyo mbovu. Tukatafuta sensa, tukafunga, likacheza vilevile. Jana mchana alikuwa ameshaanza kuniangalia kwa yale macho ya kusema dada, liuze tu. Nilikasirika. Doto amekataa kupanda gari la mtu mwingine. Amesema nikiendesha mimi atapanda, vinginevyo anabaki. Nikamwambia Masanja siondoki gereji.

Naye akanuna kidogo, akafikiri, akasema huenda linavuta hewa mahali tusipopaona.

Alitoboa kizibo cha chupa ya maji, akaanza kunyunyizia mipira ya kupitishia hewa kwenye injini mmoja baada ya mwingine. Mimi nilikaa kwenye usukani nikiukodolea macho mshale. Hapa hamna kitu. Pale hamna kitu. Mikono yangu ilikuwa imelowa jasho, utadhani napimwa mimi. Akapeleka chupa chini kabisa, nyuma ya injini, na mshale ukatulia. Maji yalikuwa yameziba tundu. Yalipokauka, ukaanza tena kucheza.

"Hapohapo!" nikapiga kelele. "Usisogee!"

Akapapanguza, akaniita nione. Mpira mmoja wa hewa ulikuwa umepasuka, na mtu alikuwa ameufunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Huku kwetu tyubu inafunga kila kitu: nira, plau, miguu ya kitanda, mlango wa zizi. Lakini pale ilikuwa imelainishwa na moto wa injini na mvuke wa mafuta. Gari likiwa baridi, ukanda unabana. Likipata moto, unaachia, hewa inaingia.

"Nani huyu kafunga?" Masanja akauliza huku anacheka. "Kafunga kwa kushoto."

Mimi ni fundi cherehani. Mafundo nayajua kuliko sura za wateja wangu. Kwenye nira za ng'ombe wa baba kuna fundo hilohilo, limezungushwa kinyume, ncha imechomekwa chini. Nyumbani kwetu ni mtu mmoja tu anayetumia mkono wa kushoto.

Nilishindwa kucheka.

Baba alidhani anatengeneza. Na alipolitengeneza, kabla ya safari ile ya hospitali, sote tulimsifu, tukasema mzee huyu hashindwi na kitu. Sijui kama mtoto angepona gari lisingezima. Hakuna anayejua. Lakini baba akisikia habari ya ukanda huu, atajihukumu mwenyewe na hatamsikiliza daktari yeyote atakayemwambia si kosa lake.

Masanja alikata fundo kwa wembe, akafunga mpira mpya na klipu. Gari lilitulia mpaka nikadhani limezima. Nikazungusha ufunguo tena, stata ikalia vibaya, gereji nzima ikageuka. Ule ukanda niliuchukua. Uko chini ya kiti changu sasa hivi.

Baba anakuja na begi la Doto. Naacha kwanza.

Jioni, Bariadi. Mvua imeanza.

Tumefika. Korongoni nilipunguza mwendo na Doto akanishika mkono, akafumba macho. Mshale haukutikisika. Tulipopanda ng'ambo alilia, nami nikalia, tukaendelea na safari.

Ila kinachonikaa moyoni ni kabla hatujaondoka. Baba aliinama dirishani, akasikiliza injini.

"Zima," akasema.

Nikazima.

"Washa."

Likawaka, likatulia. Akaweka kiganja chake cha kushoto juu ya mlango.

"Limepona. Lilikuwa na nini?"

Doto yuko pembeni yangu. Ukanda uko chini yangu.

"Sensa, baba," nikasema. "Kitu cha umeme. Hakuna ambaye angekiona."

Mabega yake yalishuka. Nadhani alikuwa amelingoja jibu hilo mwaka mzima. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa ukanda wa tyubu, mpya, umekunjwa vizuri.

"Beba huu, mayu. Njiani huwezi jua. Kitu kikikatika, funga."

Nikaupokea kwa mikono miwili. "Wabeja, baba."

Sasa hivi ukanda wa zamani nimeutia kwenye jiko la mkaa. Mpira ukiungua unanuka nyumba nzima. Doto ameuliza kutoka chumbani, "Kulwa, unaunguza nini?"

"Uchafu wa gari," nimesema.

Huo ni uongo wa pili leo. Wa kwanza siujutii. Huu wa pili, kwa mtu niliyelala naye tumbo moja, sijui nitakaa nao mpaka lini.

Ukanda mpya nimeuacha garini. Sitaufungia kitu chochote, lakini hautoki humo.