Mume wa Minza

Mume wangu Baba Kulwa,

Mwangaluka. Najua utaisoma hii mchana, mashine ikiwa imezimwa, miguu umeiweka juu ya gunia la pumba. Hamjambo wote hapo Kahama? Mgongo wa mama umetulia? Kulwa na Doto bado wanagombania upande wa ukutani kitandani? Mimi ni mzima, na nimenenepa kidogo, usije ukashtuka.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu nakujua. Kwenye simu, ukisikia neno usilolipenda unasema mtandao unasumbua, halafu kimya. Karatasi haina mtandao. Anayekuletea ni fundi mmoja wa Geita ninayefanya naye kazi huku Australia, anakuja likizo. Usimwache aondoke bila kula.

Uliniuliza kama umwachie mtu mashine ya mpunga uje na watoto, maana mgodi umenipa mkataba mpya na familia inaruhusiwa. Sitaki kukudanganya. Mshahara wangu ukiugeuza shilingi, mtaa mzima utadhani nimeokota dhahabu. Lakini naupata huku na kuutumia huku huku. Kodi ya nyumba wanaitaka kila wiki. Nyanya wanazipima kwenye mizani, na nilipomwomba muuzaji nyongeza alinitazama kama nimemwomba kiatu chake. Saluni nimeiaga, najisuka mwenyewe, na upande wa nyuma Mungu ndiye anayeuona. Siku michembe ya mama, vile viazi vyake vikavu, ilipoisha ndiyo nililia kweli.

Watu nao wana taratibu zao. Siku ya kwanza kazini, msimamizi wangu, Bi Helen, mama mwenye mvi kichwa kizima, alinikabidhi ufunguo wa lori. Nikaupokea kwa mikono miwili, na magoti yangu hayakuniuliza, yakajikunja yenyewe. Akanidaka! Akapiga kelele kwenye redio, likaja gari la huduma ya kwanza, nikalazwa, nikapimwa presha, na siku ile sikuendesha hata toroli. Nilipopata nafasi ya kueleza kwamba ile ilikuwa shikamoo, alicheka hadi akakaa chini. Tangu hapo ananiita binti yake, nami nampa mkono tu.

Jumapili moja akanialika kwake kula nyama, akaongeza, "Uje na nyama yako." Nilinuna, Baba Kulwa. Kwetu mgeni anachinjiwa. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; hawa jembe unaingia nalo getini! Nikanunua vipande vyangu vya kuku nikaenda. Kumbe kila mtu kaja na chake, na maongezi yalikuwa matamu. Aliyekuwa anageuza nyama ni mume wa Helen, kajifunga aproni ya maua. Akaniambia, "Mke wangu aliendesha malori, mimi nikalea. Tungemlipa mlezi, sisi tungekula nini?" Nikageuka nione nani anacheka. Hakuna aliyecheka.

Hapo ndipo hesabu yangu ilipokaa sawa. Dada wa kazi huku ni wa matajiri; wa kukuangalizia watoto analipwa kwa saa. Mkija, mimi nitashinda mgodini, na wewe ndiye utakayepika, utakayewapeleka Kulwa na Doto shule, utakayenisubiri na chakula. Ni mpaka watoto wachangamke na wewe lugha ikukae mdomoni. Tukienda hivyo tutaishi vizuri na akiba tutaweka, hilo sina wasiwasi nalo. Mashine mwachie mdogo wako, usiiuze.

Najua watakachosema. Fundi amesikia kwa ndugu zake wa huko kuwa tayari pale mashineni wanakuita mume wa Minza, na wewe unajifanya kucheka. Mimi nataka uje. Nimechoka kulala kwenye nyumba isiyo na mkoromo wako, na wanangu nawataka hadi kifua kinauma. Lakini kuja halafu ukanuna ni ghali kuliko kodi ya nyumba. Kama huwezi, sema. Nitauacha huo mkataba mpya nirudi, na sitakulaumu.

Mpe mama mkwe shikamoo yangu. Najua ndiye anayewafulia wanangu, mwambie asante, wabeja sana. Shemeji yangu wa mashineni msalimu, apunguze soda. Yule mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, aliyenipa sanduku la safari, mwambie halijakatika mkono. Kulwa na Doto wabusu, na uanze na Doto, maana kila mara anakuwa wa pili.

Neno moja tu limebaki. Najua ukimaliza kusoma utataka kupanda basi uende kijijini Didia ukakae na wazee wakushauri. Usiende. Wazee hawatakuja kuishi na mimi. Nijibu wewe.

Mkeo anayekupenda,
Minza