Kebo ya Televisheni na Osuri ya Babu

Nyumbani kwa Mzee Zablon,
Kendu Bay,
Kaunti ya Homa Bay.
Machi 9, 2025.

Mpendwa Baba Mkubwa Zadock,

Pokea salamu za boma zima. Natumaini hujambo huko Isebania, kwamba mguu wa Mama Risper umepona, na kwamba duka lako la redio na televisheni halikukoseshi usingizi. Huku tumeanza kupanda mahindi. Nyanya Adhiambo anakohoa kidogo, lakini bado anatugombeza sote kuanzia alfajiri, kwa hiyo hatuna wasiwasi naye. Hali ya Babu siwezi kuimaliza kwa mstari mmoja. Yeye ndiye sababu ya barua hii.

Niruhusu nitangulize dai langu. Mtu asiyeijua kebo hana haki ya kuitengeneza katika nyumba ya mwenzake. Na anayeitengeneza kwa mdomo, akiwa mbali, kwa kutumia mkono wa mjinga, ana hatia kubwa kuliko mjinga mwenyewe. Dai hili silitoi kwa hasira. Nimelipima, na nitalitetea.

Ulipata habari kwamba televisheni ya Babu ilipoteza picha, kioo kikawa kinaandika tu kwamba hakuna mawimbi. Nilishauri tumwite Joyline, fundi wa mjini. Ukacheka katika kundi la ukoo, ukatuma sauti ambayo kila mtu aliisikia, hata wajomba walio Awendo: "Boma lina degree halafu linashindwa na waya? Cephas, panda juu. Toa hiyo fito, weka bomba la chuma. Antena inataka chuma."

Mwanao Cephas alitii. Huyu ni ndugu yangu na nampenda, lakini elimu yake ya umeme ilianzia kwenye betri za tochi na haijasonga mbele. Aliimenya kebo kwa meno. Aliusokota waya wa ndani pamoja na wavu wa shaba unaouzunguka, vitu viwili ambavyo havipaswi kamwe kugusana, kisha akavifunga kwa kamba ya katani. Picha haikurudi. Kwa hiyo akapanda juu ya paa kuing'oa fito yako.

Wewe huhitaji kuelezwa fito hiyo ilikuwa nini, lakini nakusudia barua hii isomwe na wengine, hivyo nitaeleza. Ilikuwa osuri, mti uliochongoka unaosimama kwenye kilele cha nyumba ya mwenye boma muda wote anapovuta pumzi. Akifa, huvunjwa, na aliye mbali huona paa na kujua. Babu aliisimamisha juu ya mabati haya alipojenga. Na antena iliyofungwa hapo ilifungwa na nani? Na wewe, Krismasi ile uliyotuletea televisheni. Uliitumia osuri ya baba yako kama nguzo ya bure, kisha ulipoichoka ukaiita fito.

Cephas hakuing'oa tu. Bomba lako la chuma lilikuwa likiyumba, naye akatafuta vipande vya kulikazia. Aliivunja osuri vipande viwili.

Awino, jirani yetu, alikuwa akipita na beseni lake la dagaa wa omena kuelekea sokoni. Aliinua macho, akaliona paa, akaliweka beseni chini na kupiga nduru. Unajua nduru ya Awino. Wanawake walitoka kwao wakiwa bado na unga mikononi, na muda si muda uwanja ulijaa. Mzee mmoja alikwisha kuanza kumsifu marehemu, jinsi alivyokuwa mkali lakini wa haki.

Wakati huo marehemu alikuwa shambani akipanda. Alisikia kilio kikitoka kwake, akaja mbio kwa kadiri magoti yake yanavyomruhusu, jembe begani, akidhani ni Nyanya.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Awino, mikono ingali kichwani, akajibu, "Jaduong', mzee wetu, ni wewe."

"Nani amesema?"

"Paa lako."

Babu alitazama juu. Hakumkemea yeyote. Aliomba kigoda, akaketi karibu na ghala la mahindi, na tangu siku hiyo hajavuka kizingiti cha nyumba yake. Analala ghalani kati ya magunia, mahali ambapo mvua hii ya masika inavujia pembeni, na kifua chake unakijua. Tulipomsihi alisema, "Siingii nyumba ya marehemu. Aliyeivunja kwa mdomo ataisimamisha kwa mkono." Nimejitolea kuisimamisha mimi. Baba yangu amejitolea pia. Babu amekataa. Anakutaka wewe, mwanawe wa kwanza.

Nawe ulijibu nini? Picha za vikaragosi vinavyocheka, na maneno haya: "Ni mti tu. Mnaabudu fito." Kwa mtu anayejivunia kuona mbali, hiyo ni hoja fupi mno. Ukutani mwa duka lako pana picha yako kubwa ukiwa umevaa suti. Niruhusu nije niigeuze itazame ukuta, niifunge kwa utepe mweusi, kisha wateja wakilia nje nikuambie kwamba ni karatasi tu. Mimi siabudu mti. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba mti hauna roho. Nimesoma vya kutosha pia kujua kwamba watu huwekeza heshima yao katika vitu visivyo na roho, na asiyejua hilo hajaelimika, hata akiuza televisheni kubwa kuliko mlango.

Umeandika pia kwamba muuza televisheni hafundishwi kebo. Anayeuza viatu si lazima ajue kutembea, Baba Mkubwa. Siku iliyofuata kilio kile, Joyline alikuja. Hakupanda popote. Alivuta kabati, akatuonyesha mahali panya walipoitafuna kebo, chini, nyuma ya televisheni. Kisha akaliona fundo la mwanao.

"Huyu alifunga waya ama alifunga mbuzi?" akauliza.

"Nilifuata maagizo," Cephas akasema.

"Ya fundi gani?"

"Ya baba. Kwa simu."

"Basi ungeifunga hiyo simu juu ya paa. Ndiyo ilikuwa na mawimbi."

Alikata kipande kilichoharibika, akaweka kichwa kipya cha kebo, na picha ikarudi. Kwa hiyo antena haikutaka chuma. Haikutaka chochote. Osuri ilivunjwa kwa ajili ya kasoro ambayo haikuwa juu ya paa hata kidogo.

Sasa kila jioni taarifa ya habari inasomwa kwa picha safi mbele ya kiti kitupu, na mwenye kiti anaisikiliza kupitia ukuta wa ghala.

Msalimie Mama Risper na wadogo zangu wote. Nyanya anasema mkija mlete ile sabuni ya Sirare, hapo mpakani. Mungu awalinde, na akupe wewe moyo mwepesi wa kurudi nyumbani.

Lakini jibu lako lisije kwa simu, wala kwa vikaragosi. Maneno yako uliyasema mbele ya ukoo wote, na Babu alililiwa mbele ya kijiji kizima. Kutoka Isebania hadi hapa ni safari ya asubuhi moja. Jumamosi ijayo nimewaita Awino na wote waliokuja kuomboleza. Njoo usimame uwanjani mbele yao, mti ulionyooka mkononi, uwaambie kama baba yako yu hai au amekufa. Kisha panda juu ya paa.

Mimi mwanao, ninayekupenda bila kukubaliana nawe,

Willis