Shati la Kilti Halina Kamba Kifuani

Jumanne, Januari 2007. Mawingu tangu asubuhi, kibaridi kidogo hapa Hail, huku Uarabuni, na mimi nna hasira hata chai haipiti.

Naandika kabla sijapoa, maana nikipoa nitaanza kuwatetea watu.

Mista Duncan ni Mskoti, mzee anayefundisha chuoni Al Khoudh. Alkhamis hii anamuoza binti yake wa pekee, na siku hiyo atavaa kilti ya marehemu baba yake, lile vazi la marinda la wanaume wa kwao linalofika magotini. Kilti anayo. Alichokosa ni shati. Mwezi uliopita aliingia dukani kwa ami yangu Nasor, ninakoshona, amekumbatia kitambaa cheupe cha kitani. Mkewe ndiye aliyekinunua kwa kazi hiyo, kisha akaumwa, akafariki, kikabaki kabatini. Akaniambia anataka shati kama walivyovaa wazee wao wa zamani, sio kama wanavyovaa waigizaji wa sinema.

Sikujua lolote. Nakiri. Akaniletea picha za mashati ya kale yaliyohifadhiwa makumbusho, nikakaa nazo siku mbili. Shati refu, pana, la kupitisha kichwani. Shingo na mikono imekusanywa kwa mikunjo midogo midogo, kifungo shingoni. Na chini ya kwapa kuna kipande cha mraba, ili mkono unyanyuke nguo isipasuke. Nikacheka peke yangu. Hicho si kikwapa? Bibi yangu alinifundisha kukitia kwenye kanzu nikiwa na miaka kumi. Kumbe nusu ya kazi naijua.

Kamba hamna. Lile shati lenye matundu kifuani na kamba ya ngozi iliyopishanishwa kama ya kiatu, ambalo wakodishaji nguo wanaliita la kale, Mista Duncan aliniambia ni la juzi tu. Nikatafuta mwenyewe kwenye mtandao, nikakuta vivyo hivyo.

Wiki tatu nimeshona. Mikunjo ya shingo yote kwa mkono.

Leo kabla ya adhuhuri kaja Ruqaiya, anayesimamia shughuli ya harusi. Mtu wetu, asili yake Unguja kama sisi, tumekua mtaa mmoja. Dukani walikuwepo wateja, mama mmoja na binti yake. Ruqaiya akalinyanyua shati kwa vidole viwili, akasema hii ni nguo ya kulalia na picha za harusi zitaharibika. Akafungua gazeti la mitindo, akanionesha shati la kamba, akataka nitoboe matundu kumi kifuani. Nikamueleza habari za makumbusho. Akanisikiliza huku anatabasamu.

"Salha, kazi yako kushona," akasema. "Historia waachie waliosoma."

Nikasema samahani.

Wiki tatu za macho yangu, najua ninachokisema, na neno lililonitoka ni hilo. Yule mama mteja akainamisha uso kwa kunionea haya.

Ami Nasor alikuwa pale pale mezani kwake, asinitetee. Ruqaiya alipoondoka akaniambia mteja kishasema, nitoboe. Nikamwambia mteja ni Mista Duncan. Akanijibu kwamba anayetuletea kazi ni Ruqaiya, na harusi nyengine ziko njiani.

Nikachukua chuma cha kutobolea. Nikatoboa tundu moja.

Hili sitaki kulificha. Nililitoboa kwa mkono wangu, kwenye kitambaa ambacho aliyekinunua kafa na hakipatikani chengine. Kabla ya la pili nikakiweka chuma chini. Nikalikunja shati, nikamwambia ami nakwenda Al Khoudh, nikachukua ufunguo wa gari bila ya kungoja jibu.

Nilimkuta Mista Duncan nyumbani kwake, akalivaa hapo hapo, akasimama mbele ya kioo, akanyanyua mikono yote miwili, akaishusha, akainyanyua tena. Kisha kidole chake kikafika kwenye tundu. Nikamueleza yote, na sehemu yangu pia, nikamuomba radhi, nikangoja anifukuze.

Akaniuliza ni nani aliyeulizwa kuhusu mabadiliko hayo. Nikasema hakuna. Akampigia binti yake. Binti hakuwa na habari, alichoambiwa ni kwamba mambo ya nguo yamekwisha. Kisha akampigia Ruqaiya, kwa upole, kama anayemsahihishia mwanafunzi.

"Kitambaa hiki alikinunua mke wangu," akamwambia, "na fundi nimemchagua mimi. Ukiwa na swali juu ya shati, muulize yeye."

Nikatoa sindano mkobani, nikalifuma tundu sebuleni kwake. Uzi kwa uzi, karibu saa nzima. Anayejua pa kutazama ataliona.

Sijafika nyumbani, ami akapiga simu. Ruqaiya kakasirika, harusi zake zote anapeleka kwengine, kwa hivyo kesho nimpigie nimuombe radhi. Nikamwambia nimesikia. Sikumwambia nitafanya.

Ami nampenda. Baba alipofariki ndiye aliyenilea, na cherahani ya kwanza alinipa yeye. Lakini leo aliinamia karatasi zake huku natukanwa.

Kesho nitamuwahi kabla wateja hawajaingia. Nitamwambia radhi nilikuwa nayo moja, ya lile tundu, na nishamuomba mwenye shati.

Nyengine sina.