Darasa la Juu ya Duka la Mikate

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu tele. Natumaini hujambo huko kazini, na ule mguu ulioteguka unakanyaga vizuri. Sisi hatujambo. Baba bado anaendesha lori, na akirudi analala na viatu. Mama naye hajambo, tena zaidi ya hajambo, na ndiyo sababu nimeshika kalamu, maana kwa simu ungenikatiza kwa kicheko.

Unakumbuka tulipohamia huku mama alivyojifungia na cherehani yake. Mgeni wake alikuwa mmoja tu, msusi wa chumba cha chini, anayeingia bila hodi na sauti kama tarumbeta. Huyo ndiye aliyeleta habari kwamba wamisionari wawili, mume na mke, wamekodi chumba juu ya duka la mikate, wanafundisha Kiingereza bure, na baada ya somo kuna chai, nyimbo na mpira wa wavu uani. Akamwambia mama kwamba akizidi kukaa ndani ataota ukungu. Mama akakubali kwa sharti moja: twende wote.

Basi mimi, niliyesomeshwa Kiingereza tangu chekechea, nikaketi katika darasa la wasiojua kitu, ili mama asiwe peke yake. Usicheke, dada. Kukosea kwa makusudi ni kazi ngumu. Siku moja yule mume, tunayemwita Bwana Gitaa kwa sababu ya gitaa lake, alimtania mkewe kwa Kiingereza cha haraka, nikajikuta nacheka peke yangu darasa zima. Nikajifanya nimepaliwa na chai. Msusi akanipiga mgongoni mpaka nikapaliwa kweli.

Mkewe tunamwita Mama Biskuti, kwa sababu unazozijua hata bila kuambiwa. Anamkumbuka kila mtu kwa jina, mpaka watoto. Atatusomea kisa kifupi cha Biblia, tutaimba, tutakula biskuti zake, tutashukuru, kisha kila mtu anashika njia yake. Hakuna aliyewahi kumpigia hodi kwake.

Wiki iliyopita nilikuwa nyuma ya pazia nikisuuza vikombe kabla ya somo, nikamsikia Mama Biskuti akilia na kumweleza mumewe kwa Kiingereza. Baba yake alikuwa amefariki huko kwao, naye asingeweza kuwahi mazishi. Bwana Gitaa akataka watuambie. Akakataa, akasema hataki kutuharibia siku. Kisha akasema heri wafunge darasa warudi kwao, kwani mwaka mzima amemimina chai na hana hata mtu mmoja wa kumwita rafiki. Akajifuta uso, akaja mbele, akatufundisha majina ya matunda huku anatabasamu. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikisema, siri yangu imetoka. Nikinyamaza, darasa linafungwa na mama anarudi kwenye cherehani yake. Tulipokuwa njiani nikashindwa kuvumilia, nikawaambia mama na msusi, nikidai nimeokota maneno mawili matatu tu. Mama alisimama palepale katikati ya njia, akauliza mtu anafiwaje na baba yake halafu anafundisha machungwa. Msusi akasema labda kwao ndivyo walivyo. Mama akajibu kwamba kwao ni kwao, lakini msiba uko hapa. Huyo ni mama yetu, dada, anayeogopa hata kumdai muuza duka chenji!

Kesho yake mama akawakusanya akina mama wa darasa letu, tukaenda wote nyumbani kwa Mama Biskuti, na chupa za chai na sufuria kubwa ya uji, mama akiwa mbele. Bwana Gitaa alipofungua mlango nadhani alidhani ni maandamano. Mama Biskuti akaomba radhi kwamba hakujiandaa kupokea wageni, akakimbilia kutafuta biskuti. Mama akamshika mkono, akamketisha, akaniambia nimweleze kwamba leo zamu ya kumiminiwa chai ni yake. Nikamweleza, kwa Kiingereza changu chote. Akina mama wakageuka kunitazama. Msusi akasema kumbe tulikuwa tumefuga kasuku bila kujua. Mama Biskuti alinikodolea macho, kisha akalia kwa sauti, bila pazia. Akatusimulia habari za baba yake, nami nikafasiri mpaka koo likakauka. Bwana Gitaa akaomba, tukaitikia amina. Tulipoaga wakasema hawaondoki.

Sasa nikuungamie, dada. Nimekwambia nilikaa katika darasa lile kwa ajili ya mama. Si kweli. Siku ya kwanza Mama Biskuti alituuliza mlangoni nani anajua Kiingereza, na mama, kwa fahari, akanisukuma mbele. Mimi ndiye niliyetikisa kichwa kukataa. Mama akanitazama, kisha akaketi nami kati ya wasiojua kitu. Shuleni nikisoma kwa sauti wenzangu wananicheka matamshi, na pale juu hakuna anayemcheka mwenzake. Nilitaka mahali ambapo kukosea si aibu. Kumbe siku zote hizo mama ndiye aliyekuwa akinisindikiza mimi.

Mama Biskuti ameniomba Jumamosi niwafundishe wanaoanza. Nikakubali kabla woga haujanikumbuka. Mama amesema ataketi mbele pamoja na msusi, na nikianza kunong'ona atanyoosha mkono aseme hasikii, hata kama anasikia.

Msalimie sana shemeji, na mapacha uwabusu kwa niaba yangu. Jumamosi saa nne uniombee.

Ni mimi mdogo wako,
Bi Kimya