Nilimpangia Modeli, Akahamia kwa Dada Yake

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ndoa haijanifia mikononi, maana mimi na mke wangu tuna karakana ya vifaa vya umeme na yeye ndiye anayechora saketi kwenye kompyuta na kuzijaribu humo humo kabla hatujashika waya, sasa kila transista na dayodi ina modeli yake, yaani faili linaloiambia kompyuta kipuri hicho kina tabia gani, na mke wangu, na akili zake zote zile, modeli alikuwa akizirundika kwenye folda zinazoitwa "Mpya", "Mpya Kweli" na "Usiguse", nami kwa mapenzi tu, alipotoka kwenda sokoni, nikazipanga, michoro ya vipuri folda moja, modeli folda nyingine, kila faili nikalipa jina jipya la heshima, kazi ikapendeza hadi nikaipiga picha. Aliporudi akafungua saketi ya kitanda cha kupashia joto watoto njiti, ambayo mganga mkuu wa hospitali anakuja kuiona Ijumaa, kompyuta ikasema haikijui hata kipuri kimoja, basi badala ya asante nikaambulia kelele, kachukua kompyuta kahamia kwa dada yake, mimi kaniacha na printa. Nakala ya mpangilio wake wa zamani ninayo, iko kwenye flashi mfukoni, lakini nangoja kwanza akiri kuwa wangu ni bora. Mshauri, huyu ananipenda kweli?

Mpenda Utaratibu

Mpenda Utaratibu,

Pole. Pole imekwisha, sasa tuzungumze.

Folda iliandikwa "Usiguse". Ulitaka aiandike kwa wino gani? Saketi zake zinakumbuka kila modeli inakaa wapi na inaitwaje. Ukiihamisha na kuibadili jina, zinabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Sikatai, folda zake zilikuwa vurugu. Lakini vitu hupangwa na anayevitumia, au mkiwa wawili. Nina hakika hata jikoni umeweka sufuria kabati hili na mifuniko kabati lile. Usinijibu.

Halafu hiyo flashi! Mwenzio anahangaika, kazi ya hospitali inaponyoka, wewe umeikalia dawa ukisubiri kusifiwa? Ndugu yangu, huko si kupenda utaratibu, hicho ni kiburi kilichopigwa pasi. Eti anakupenda? Mke aliyevumilia mifuniko yako miaka yote hii, bado unauliza?

Basi sikia. Nenda kwa shemeji leo, si kesho. Mpe mkeo flashi hata kabla hujakaribishwa kiti. Sema "nisamehe", ukome hapo. "Lakini" iache nyumbani na printa. Ijumaa ikishapita, muulize kama angependa mpange pamoja, kwa majina atakayochagua yeye, na akisema hapana, ni hapana.

Na ukifika mlangoni utakuta viatu vya watoto wa shemeji vimetupwa ovyo, kimoja huku, kingine kule. Viruke, uingie.